Uvimbe si mchochota: ugomvi wa p53 na NF-kB ndani ya seli ya saratani

Kiswahili kinatuponza kidogo katika jambo hili. Kidole kikichomwa na mwiba kikafura, tunasema kina uvimbe. Mama akikutwa na donge kwenye titi, tunasema naye ana uvimbe. Neno ni moja, mambo ni mawili, na katikati yake wamejipenyeza wauza vidonge. Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huwa na hoja hii: saratani ni uvimbe, manjano na tangawizi huondoa uvimbe, basi kunywa manjano na tangawizi saratani isikuguse. Ukiusoma harakaharaka unaingia akilini.

Tuyatenganishe kwanza. Donge linalotokana na seli zilizozaana kupita kiasi tutaliita uvimbe. Kule kufura, kuwa mwekundu, kupata moto na kuuma, mwili unapopambana na mwiba, kidudu au jeraha, kuna neno lake kwenye makamusi ya tiba: mchochota. Mchochota ni kazi ya mwili, si ugonjwa. Uvimbe nao si lazima uwe saratani; huwa saratani pale seli zake zinapovamia nyama ya jirani na kusafiri kwenda kuota kwingine.

Hata hivyo ujumbe ule una punje ya ukweli, ndiyo maana haufi. Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliona chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mchochota, zimejaa ndani ya uvimbe wa saratani, akahisi kwamba saratani huanzia mahali ambapo mchochota umekaa muda mrefu bila kupoa. Hisia yake ilikuwa sahihi kwa saratani nyingi. Kilichochukua zaidi ya karne moja kujulikana ni namna jambo hilo linavyotokea ndani ya seli moja moja, na humo ndimo tutakapokutana na protini mbili, p53 na NF-kB.

Daftari na wasomaji wake

Chukulia DNA kuwa ni daftari kubwa la mapishi lililofungiwa katika kiini cha seli. Ukurasa mmoja wa daftari ni jeni. Kinachopikwa kwa kufuata ukurasa huo ni protini, na protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za seli: kujenga, kubeba, kukata, kuripoti.

Zipo protini ambazo kazi yao ni kuingia kwenye kiini, kufungua daftari na kuamua ukurasa upi usomwe sasa. Zote mbili tunazozizungumzia ni za aina hiyo. Hazipigani kwa kuumana, zinagombea daftari. Ukilishika hili, nusu ya ugumu wa mada umeisha.

p53, mkaguzi

p53 iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa ya watafiti karibu kwa wakati mmoja. Jina linatokana na uzito wake kama ulivyopimwa siku hizo, kilodaltoni 53. Baadaye ilionekana uzito halisi ni kama 44, lakini jina lilishazoeleka. Kwa miaka kumi watafiti waliamini kwamba protini hii inaleta saratani, kwa sababu waliikuta imerundikana katika seli za saratani. Mwaka 1989 ndipo ilipofahamika kwamba walichokuwa wakikishika ni p53 mbovu. Iliyo nzima inazuia saratani. Likumbuke kosa hilo, kwa sababu hadi leo wagonjwa wanalirudia wakisoma karatasi ya maabara.

Katika seli yenye afya, p53 hutengenezwa kila wakati na kuharibiwa kila wakati. Anayeiharibu ni protini nyingine iitwayo MDM2, ambayo huishika na kuipeleka kwenye kinu cha kusagia protini. Nusu ya p53 iliyopo huwa imetoweka ndani ya dakika 20 hivi. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini seli ipoteze nguvu kutengeneza kitu cha kusagwa? Ni kwa sababu ya kasi. DNA ikikatika kwa mionzi, moshi wa sigara au sumu, kuanza kutengeneza mkaguzi kutoka mwanzo kungechelewa. Njia ya haraka ni kumzuia MDM2 asimshike aliyekwisha tengenezwa. Protini zinazogundua hitilafu huibandika p53 alama, MDM2 inashindwa kuikamata, na p53 inajaa kwenye kiini.

Ikishajaa hufungua kurasa zake. Ya kwanza ni ya p21, protini inayosimamisha seli isigawanyike hadi DNA itengenezwe. Uharibifu ukiwa umepita kiasi, p53 hufungua kurasa za protini kama PUMA na BAX, ambazo huiamuru seli ijiue kwa utaratibu, bila kumwagia jirani uchafu. Halafu, na hapa pana ustadi, p53 hufungua pia ukurasa wa MDM2, yaani inamwita mwenyewe yule atakayeipunguza. Ndiyo sababu baada ya mionzi p53 hupanda na kushuka kama mawimbi, wimbi moja likichukua kama saa tano na nusu. Hakuna p53 inayopaswa kukaa juu moja kwa moja.

Udhaifu wake uko katika namna inavyofanya kazi. p53 haishiki DNA peke yake. Lazima ziungane nne. Fikiria watu wanne waliobeba jeneza: mmoja akiwa mlevi, wote wanayumba. Kila seli ina nakala mbili za jeni hili, liitwalo TP53, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika, nusu ya p53 zinazotengenezwa ni mbovu. Ukizichukua nne nne bila kuchagua, kundi lenye nne nzima tupu ni moja tu kati ya 16. Nakala moja mbovu inaweza kulemaza karibu kazi yote. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina kasoro kwenye jeni hili moja.

(Tembo wa Afrika ana nakala 20 za jeni hili, jambo lililotangazwa mwaka 2015. Ana seli nyingi kuliko sisi mara nyingi, lakini saratani kwake ni nadra. Nakala hizo si zote kamili, ila seli zake zinajiua upesi sana DNA inapoharibika.)

NF-kB, mbiu ya mgambo

Mwaka 1986 Ranjan Sen na David Baltimore, nchini Marekani, waliripoti protini waliyoikuta kwenye seli zinazotengeneza kingamwili. Jina refu walilolipa lilifupishwa kuwa NF-kB. Kwa kweli si protini moja bali ukoo wa watano wanaotembea wawili wawili, na jozi inayoonekana zaidi ni p65 na p50.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hiyo ndiyo kazi ya NF-kB. Tofauti na p53, haisagwi. Inakaa nje ya kiini ikiwa imefungwa kamba na protini iitwayo IkB. Bakteria, virusi, au ujumbe wa hatari kutoka seli jirani ukigusa utando wa seli, kimeng'enya IKK huipiga IkB mhuri sehemu mbili. IkB iliyopigwa mhuri inasagwa, kamba inakatika, na NF-kB iko ndani ya kiini baada ya dakika chache.

Huko hufungua mamia ya kurasa. Nyingine ni za kuita askari: TNF, IL-6, IL-8. Nyingine ni za COX-2, kimeng'enya kinacholeta maumivu na moto, ambacho diklofenaki na ibuprofeni hukizuia. Nyingine ni za kuiambia seli yenyewe: usife sasa. Na kama p53, hufungua ukurasa wa mfungaji wake, IkB, ili mbiu ijinyamazishe. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 100.

Amri ya "usife sasa" ndiyo mzizi wa mambo yote yanayofuata. Ina maana yake: seli iliyo katikati ya vita na bakteria isianguke kwa risasi ya kwanza, bali iishi iite msaada. Lakini ni kinyume kabisa cha kile p53 inachoamuru. Wote wawili wanajibu hatari. Mmoja anasema simama, na ikibidi ufe kwa usalama wa wengine. Mwingine anasema kaza, ishi, zaana, ziba pengo.

Fahari wawili zizi moja

Ugomvi wao una njia kadhaa. Iliyo wazi kuliko zote ni ya msaidizi wa pamoja. Daftari la DNA limekunjwa na kubanwa, na ili ukurasa usomeke inabidi kuwe na protini za kulifungua, hasa p300 na ndugu yake CBP. p53 inazihitaji. p65 nayo inazihitaji. Idadi yake ndani ya kiini haitoshi kwa wote kufanya kazi kwa nguvu zote. Ni kama sufuria mbili na jiko moja la mkaa: wali ukikaa motoni, maharage yanasubiri. Seli ikiwa kwenye mchochota mkali, p53 inaweza kuwepo kwa wingi na bado kurasa zake zisisomwe vizuri. Na p53 ikijaa, sauti ya NF-kB inashuka.

Njia ya pili ni kuchongeana. NF-kB inaweza kuongeza MDM2, yule msagaji wa p53. IKK nayo, ile inayokata kamba ya NF-kB, imeonekana kuipiga p53 mhuri wa kwenda kusagwa bila hata kumsubiri MDM2.

Ya tatu inapita kwenye sukari. p53 nzima hupunguza kasi ya seli kula glukosi. Ikipotea, seli inakula sukari kwa pupa, na sehemu ya sukari hiyo hubandikwa kwenye IKK na kuifanya iwe kali zaidi. NF-kB inawaka, nayo inazidi kufungulia sukari mlango. Wanaosema "sukari hulisha saratani" huwa wamesikia mwangwi wa jambo kama hili, kisha wakalitafsiri kuwa mgonjwa anyimwe ugali na matunda. Ini la mtu aliyefunga chakula linatengeneza glukosi lenyewe, na uvimbe unakula hiyohiyo. Anayekonda ni mgonjwa.

Kisha kuna hali iliyo mbaya kuliko p53 kupotea, nayo ni p53 kubaki ikiwa mbovu. Baadhi ya p53 zilizoharibika haziachi tu kuizuia NF-kB, zinaisaidia. Watafiti wa Israel walionyesha mwaka 2013 kwamba panya wenye p53 ya aina hiyo, utumbo wao ukichokozwa, mchochota ambao ungepoa unaendelea, na saratani inaota juu yake. Mlinzi aliyeondoka ni hasara. Aliyejiunga na wezi, akiwa bado na sare, ni hasara mbili.

Na mchochota wenyewe unarudi kuivunja p53. Chembe nyeupe za damu huua bakteria kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni. Kemikali hizo hazichagui. Zinachubua DNA ya seli jirani pia. Ndiyo maana watu wenye mchochota wa miaka mingi kwenye utumbo mpana hukutwa na kasoro ya TP53 mapema, hata kabla uvimbe haujaonekana, wakati kwenye saratani ya kawaida ya utumbo mpana kasoro hiyo mara nyingi huja mwishoni.

Ini: sumukuvu na homa ya ini B

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hadithi hii inaonekana vizuri zaidi kwenye ini kuliko kiungo kingine.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu wa Aspergillus kwenye mahindi na karanga zilizovunwa, kukaushwa au kuhifadhiwa vibaya. Wengi wanaijua kwa maafa ya ghafla: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na wakafa 125, mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Hao walikula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Wanaokula kidogo kidogo miaka 20 hawaugui wakaonekana, lakini humo ndimo p53 inapovunjwa.

Sumu yenyewe haiharibu DNA hadi ini liiguse. Vimeng'enya vya ini, katika kujaribu kuisafisha, huigeuza kuwa umbo linalonasa kwenye herufi G ya DNA. Jeni la TP53 husomwa herufi tatu tatu, maneno 393 kwa jumla. Neno la 249 ni AGG. Sumu ikinasa hapo na seli ikagawanyika kabla ya kutengeneza, G ya mwisho inageuka T, neno linakuwa AGT, na pale protini ilipotakiwa kuwa na tofali liitwalo arginini panakaa jingine, serini. Herufi moja tu, na p53 haishiki tena DNA. Mwaka 1991 watafiti walipochunguza uvimbe wa ini wa wagonjwa 16 kutoka Qidong, China, kwenye sumukuvu nyingi, 8 walikuwa na kosa kwenye herufi hiyohiyo, na kwa 7 kati yao G ilikuwa imegeuka T. Wengine waliripoti kosa hilo mwaka uleule kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Ni nadra sumu kuacha alama ya kidole iliyo wazi namna hii.

Angalia sharti lililo katikati: seli ikagawanyika kabla ya kutengeneza. Seli za ini lenye afya hugawanyika kwa nadra, kwa hiyo nyingi hupata muda wa kung'oa sumu. Hapo ndipo homa ya ini B inapoharibu hesabu. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini maisha yote. Kila siku kinga inaua seli zenye virusi na ini linaziba mapengo kwa kugawanya zilizobaki. Muda wa kutengeneza unafupishwa. Zaidi ya hapo, virusi vina protini iitwayo HBx, ambayo inawasha NF-kB na pia kuishika p53 isifanye kazi sawasawa. Kwa hiyo seli moja ina mkaguzi aliyevunjwa na sumukuvu na mbiu inayolia bila kukoma, ikisema kaza, ishi, zaana.

Hesabu inaonyesha kwamba mambo haya hayajumlishwi tu. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wanaume 18,000 mjini Shanghai, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba dalili za sumukuvu peke yake ziliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3.4 hivi, homa ya ini B peke yake mara 7.3, na zote pamoja mara 59.

Kwa hiyo kinga ina milango miwili, na kufunga hata mmoja kunasaidia kuliko kidonge chochote cha "kuondoa uvimbe".

Mlango wa homa ya ini B ni chanjo. Nchini Kenya na Tanzania mtoto huipata ndani ya ile chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Mtu mzima apime kwanza. Akikutwa hana virusi wala kinga huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Akikutwa navyo, chanjo haimsaidii. Anahitaji kufuatiliwa, na wengine huanzishiwa dawa kama tenofovia, ambayo hupunguza virusi na kwa hiyo kushusha ile mbiu.

Mlango wa sumukuvu uko shambani na ghalani. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ufike asilimia 13.5. Bila kipimo, kuna njia ya chumvi: jaza mahindi theluthi ya chupa kavu, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15 na kuhifadhi ni kuzalisha ukungu. Isipoganda, yako chini ya 15. Yaanike bado siku moja au mbili. Chambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, maana sumu nyingi hukaa kwenye punje chache.

Kuna dhana mbili zinazoua hapa. Moja, kwamba kupika ugali vizuri kunaiondoa sumu: joto la jikoni haliiharibu. Nyingine, kwamba mahindi mabovu apewe ng'ombe: sumu hubadilika umbo kwenye ini lake na kutokea kwenye maziwa.

Jeni zima, protini hakuna

Si lazima daftari lichanwe ili p53 ikosekane. Kwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, jeni la TP53 kwa kawaida ni zima. Kirusi cha papiloma, hasa aina ya 16 na 18, huleta protini iitwayo E6 inayoishika p53 na kuipeleka kusagwa kila inapotengenezwa. Seli inaendelea kupika, E6 inaendelea kumwaga. Zima E6 maabara na p53 inarudi kazini. Chanjo ya kirusi hicho haifanyi lolote kwa p53. Inazuia kirusi kisiingie, ndiyo maana hutolewa kwa wasichana wadogo kabla hawajakutana nacho.

Kwa nini tusiizime NF-kB tu?

Swali hili ni la haki, na wauza vidonge wamelijibu haraka kuliko watafiti.

Panya walioondolewa p65 hufa tumboni mwa mama, na kinachowaua ni ini: seli zake zinajiua kwa wingi, kwa kuwa hakuna wa kuziambia zisife. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwaondolea panya IKK kwenye seli za ini peke yake, kisha wakawapa kemikali ya saratani. Saratani ya ini iliongezeka badala ya kupungua. Seli zilizokosa ulinzi zilikufa, zilizobaki zikagawanyika kwa pupa kujaza nafasi, na mgawanyiko wa pupa, kama tulivyoona, ndio unaogeuza jeraha la DNA kuwa kosa la kudumu. Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limefanya jambo kama hilo kwenye utumbo, na uvimbe ukapungua sana. Protini ni ileile, kiungo tofauti, jibu kinyume.

Wala si kweli kwamba p53 na NF-kB hugombana siku zote. Kwenye makrofaji, zile chembe zinazomeza vijidudu, hufungua baadhi ya kurasa za mchochota kwa pamoja. Na seli iliyochakaa ikisimamishwa na p53, mara nyingi ni NF-kB inayopaza sauti ili kinga ije kuiondoa. Isipoondolewa, kelele hiyo inawasha majirani, na tunarudi palepale.

Vipi manjano? Kurukumini iliyomo ndani yake inazuia NF-kB ukiimwagia seli kwenye sahani ya maabara. Hilo ni kweli. Lakini utumbo unaifyonza kidogo mno, na inayopita ini huiondoa upesi. Watengenezaji wa vidonge waliliona hilo wakaongeza kiini cha pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, na sasa kuna wagonjwa walioumia ini kwa vidonge hivyo. Manjano ya kwenye pilau hayana neno.

Na kumeza diklofenaki kila siku "kuzuia uvimbe" ni njia ya kufika hospitali na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, au na figo zilizochoka. Aspirini imeonyesha kupunguza saratani ya utumbo mpana kwa watu waliorithi hatari ya pekee, lakini huanzishwa na daktari baada ya kupima upande wa damu kuvuja.

Majaribio makubwa yanafundisha jambo lilelile la wakati. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya dawa inayozuia IL-1, mmoja wa wapiga mbiu, kwa watu zaidi ya 10,000 waliokuwa wamepata shambulio la moyo. Waliopewa kipimo kikubwa walipata saratani ya mapafu kwa uchache. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha dawa hiyohiyo ikajaribiwa kwa waliokwisha kuwa na saratani ya mapafu, na haikurefusha maisha yao kama ilivyotarajiwa. Kuzima moto kabla paa halijashika si sawa na kumwagia maji nyumba iliyokwisha kuungua.

Upande wa p53, dawa za kumfunga mikono MDM2 zinajaribiwa tangu miaka ya 2000. Zinafaa tu pale p53 yenyewe ni nzima; ikiwa mbovu, kuiongeza hakuna faida. Na seli zenye afya nazo zina p53: kwa wagonjwa wengi chembe za kugandisha damu hushuka, na dozi inabidi ikatwe.

Karatasi ya maabara

Hapa ndipo kosa la mwaka 1979 linarudi. Kipande cha nyama kikipelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, kinaweza kupakwa rangi ya kuonyesha p53, na ripoti ikaandika "p53 chanya". Ndugu wa mgonjwa aliyesoma mtandaoni kwamba p53 ni mlinzi anafurahi: walinzi ni wengi.

Mara nyingi ni kinyume. p53 nzima husagwa upesi, nusu yake ndani ya dakika 20 hivi, hivyo kwenye nyama ya kawaida rangi huonekana hafifu, ya madoadoa, hapa ipo pale haipo. p53 mbovu haiwezi kufungua ukurasa wa MDM2, kwa hiyo hakuna wa kuisaga vizuri, nayo inarundikana. Rangi kali kwenye karibu seli zote za uvimbe ni dalili ya kasoro. Kutoonekana rangi kabisa, hata chembe, nako kunaweza kuwa dalili ya kasoro: jeni limekatika kiasi kwamba hakuna kinachotengenezwa. Madoadoa ndiyo sura ya kawaida. Kwa hiyo neno "chanya" au "hasi" peke yake halitoshi. La kumuuliza daktari ni kama rangi ilikuwa ya madoadoa, imejaa yote, au haikuwepo kabisa, na kama jibu hilo linabadilisha dawa atakayopewa mgonjwa. Kwa saratani nyingine linabadilisha, kwa nyingi bado halibadilishi.